Umeme, kemikali na kifafa: majibu ya maswali yenu

Tangu toleo lililopita tulipogusia kifafa barua zimekuwa nyingi kweli, na nyingi zinazunguka jambo moja: kitu gani hasa kinauwasha ubongo mpaka mtu anaanguka. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha, majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mwalimu wetu kasema ubongo wa mtu yeyote ukipitishiwa umeme wa kutosha huyo mtu atashikwa na kifafa hata kama hajawahi kuugua maishani. Darasa zima tulibishana maana wengine tunajua kifafa ni cha kurithi au kinatokana na jeraha la kichwa. Sasa mtu mzima wa afya yake inakuwaje? Na huo umeme unafanya nini humo ndani?

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi, ila mabishano yenu yanatokea kwasababu mmechanganya vitu viwili. Kuna tukio la kifafa, yaani ule mshtuko wenyewe wa dakika moja au mbili, alafu kuna ugonjwa wa kifafa, yaani ubongo umeshakuwa na mwelekeo wa kurudia matukio hayo bila kuchokozwa na kitu. Tukio linaweza kumpata yeyote, mimi, wewe, mwalimu wako, ukiuchokoza ubongo vya kutosha. Ugonjwa ni habari nyingine, na kwa kawaida hatusemi mtu anao mpaka apate angalau matukio mawili yasiyochokozwa yaliyopishana zaidi ya saa 24, au tukio moja tu lakini vipimo vinaonyesha uwezekano mkubwa wa kurudia. Kwa hiyo kurithi na majeraha yanachofanya ni kushusha kiwango cha uchokozi kinachohitajika, kwa wengine kinashuka mpaka hakihitajiki kitu chochote kutoka nje.

Sasa umeme. Ubongo wenyewe unafanya kazi kwa umeme, hapo ndo pa kuanzia. Seli ya neva ikiwa imetulia ndani yake kuna chaji hasi kama milivolti 70 ukilinganisha na nje, na inatunza hali hiyo kwa kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani muda wote. Ikichokozwa ikafika kiwango fulani vitundu vya sodiamu kwenye ukuta wake vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, chaji inageuka na mpigo unakimbia hadi mwisho wa seli, kule unamwaga kemikali kwa seli ya jirani. Kemikali ikiwa ni glutameti jirani anachochewa apige na yeye, ikiwa ni GABA jirani anatulizwa asipige. Maisha yako yote, kuona, kukumbuka, kuandika barua hii, ni mvutano wa hao wawili. Umeme wa kutoka nje unakuja kulazimisha vitundu vifunguke kwenye seli nyingi kwa wakati mmoja, bila kujali GABA imesema nini.

Fikiria uwanja umejaa watu, kila mmoja anaongea na wa pembeni yake, kelele ni kubwa lakini haina mdundo wowote, alafu ghafla kikundi kimoja kinaanza kupiga makofi pamoja na wa jirani wanadaka mpaka uwanja mzima unapiga kofi moja. Tukio la kifafa ni hilo. Seli zinapoteza uhuru wao wa kila moja kupiga kwa wakati wake.

Na hapa kuna jambo ambalo nataka ulishike vizuri kuliko yote: ukishakata umeme, tukio si lazima liishe. Kwenye baadhi ya upasuaji wa ubongo mgonjwa anakuwa macho kabisa, fuvu limefunguliwa kwa ganzi, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu ukiguswa. Daktari anagusa uso wa ubongo kwa kijiti chenye ncha mbili kinachotoa mkondo mdogo sana, milliampea chache tu, na kidole gumba cha mgonjwa kinaruka. Anaondoa kijiti. Kidole kinatakiwa kitulie, ila mara nyingine kwenye skrini mawimbi makali yanaendelea sekunde kadhaa na wakati hakuna umeme wowote unaoingia tena, na yasipokatika gumba linaendelea kucheza, linafuata kiganja, mkono, upande wa uso. Hapo timu inafanya kitu ambacho kwa mtu asiyekijua kinaonekana kidogo mno, wanamwagia sehemu ile maji ya chumvi ya baridi kali, na mara nyingi mawimbi yanakatika papo hapo. Umeme ulianzisha tu, kilichoendelea ni seli zenyewe zikichocheana.

Hii sio elimu ya jana. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig kule Ujerumani walipitisha umeme kwenye ubongo wa mbwa wakaona sehemu tofauti zinatikisa viungo tofauti, na wakaona pia kwamba mbwa wengine walipata mitukutiko kama ya kifafa. Mwaka 1873 David Ferrier huko Uingereza akaendeleza kwa wanyama wengine, na sababu mojawapo ilikuwa kupima mawazo ya daktari mwenzake John Hughlings Jackson, aliyekuwa ameangalia wagonjwa wake kwa makini sana jinsi mshtuko unavyoanzia kwenye kidole gumba au pembe ya mdomo alafu unapanda kwa mpangilio ule ule. Jackson akasema mwaka huo huo kwamba kifafa ni seli za ubongo kujimwaga ghafla, kwa kasi na kupita kiasi. Hakuwa na mashine ya kuona mawimbi ya ubongo, maana Hans Berger alikuja kurekodi ya binadamu mwaka 1924, zaidi ya miaka 50 baadaye. Alitumia macho yake tu, na hilo mi linanigusa kila nikilifikiria.

Ila na wewe unayesomea kuhudumia wagonjwa ujue upande wa pili. Mwaka 1874 huko Cincinnati, Marekani, daktari Roberts Bartholow alimchoma sindano za umeme mwanamke ambaye kidonda kilikuwa kimekula fuvu mpaka ubongo unaonekana. Aliongeza mkondo mpaka mama yule akapata kifafa akapoteza fahamu, na siku chache baadaye akafariki. Ni kweli alithibitisha kwamba ubongo wa binadamu nao unaitika kwa umeme. Lakini aliyeumizwa alikuwa mgonjwa dhaifu ambaye hakupata faida yoyote pale, na hata madaktari wa wakati ule walimlaumu. Mi naona walikuwa sahihi kumlaumu.

SWALI: Daktari, mume wangu anapulizia dawa za wadudu mashambani. Mwezi uliopita alirudi anatoka jasho na mate mengi, macho yanatoka machozi, baadaye akaanguka akatetemeka mwili mzima. Hospitali walimtibu akapona. Ndugu sasa wanasema ana kifafa na asiendeshe pikipiki tena maisha yake yote. Hajawahi kuanguka kabla. Je ni kifafa kweli?

Pole sana mama, na pole kwa mgonjwa, nashukuru alifika hospitali maana wengi hawafiki. Kwa maelezo yako hayo ya jasho, mate na machozi kwa pamoja kinachoonekana ni sumu, na sumu nyingi za wadudu za kundi la oganofosfeti zinafanya hivyo hivyo. Neva zinatumia kemikali nyingine inaitwa asetilikolini, na kuna kimeng'enya kazi yake ni kuivunja mara tu ikishatuma ujumbe. Sumu hizi zinakishika kile kimeng'enya. Asetilikolini inabaki inajaa, tezi zinamwaga mate na jasho bila kukoma, mboni za macho zinasinyaa kuwa kama nukta, misuli inarukaruka, kifua kinajaa maji maji, na kwenye ubongo seli zinachochewa mfululizo hadi tukio la kifafa linaanza, alafu glutameti nayo inaingia kulikoleza. Gesi ya sarini iliyotumika kushambulia treni za chini ya ardhi Tokyo mwaka 1995 ni ya ukoo huo huo wa kemikali, ndo ujue sio kitu cha kuchezea.

Kwa hiyo lile lilikuwa tukio lililochokozwa na sumu. Peke yake halimfanyi mume wako kuwa mgonjwa wa kifafa. Mpeleke kwa daktari aliyemtibu au wa mishipa ya fahamu wamwangalie, wakiona inafaa wampime EEG, yaani kipimo cha mawimbi ya ubongo, na suala la pikipiki aulizwe huyo daktari badala ya ndugu, na mpaka ajibiwe asipande. Anachotakiwa kuogopa kuliko yote ni kurudi kwenye sumu ile bila kinga. Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, vua nguo zake zote zilizolowa, wewe mwenyewe ukiwa na glavu, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbizeni hospitali na mchukue chupa ya dawa yenyewe au karatasi yake ili wajue wanapambana na nini. Kule kuna atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na kwa mitukutiko kuna dawa za kundi la diazepamu ambazo zinaipa GABA nguvu.

Nikiwa hapo hapo niseme na vingine, maana barua nyingine tatu zimeuliza kuhusu dawa na pombe. Kemikali zinafika kwenye kifafa kwa njia tofauti. Nyingine zinaizuia GABA isisikike, mfano pentilenitetrazoli ambayo maabara wanaitumia makusudi kwa panya, na hata penisilini inafanya hivyo ikiwekwa moja kwa moja juu ya ubongo au ikijaa mwilini kwa dozi kubwa sana za mshipa kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi (penisilini ya kawaida uliyoandikiwa kwa koo usiiogope hata kidogo). Nyingine zinapunguza utengenezaji wa GABA yenyewe: isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, mtu akiinywa kupita kiasi inavuruga vitamini B6 ambayo ubongo unaihitaji kuitengeneza, ndo maana matibabu ya sumu hiyo ni B6 kwa wingi. Unayetumia dawa ya kifua kikuu usiache dozi kwa kusoma hapa, dozi sahihi ni salama kwa watu walio wengi na wengi wanapewa na B6 kabisa.

Nyingine zinaigiza glutameti. Mwaka 1987 nchini Canada watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome waliokuwa na asidi ya domoiki iliyotengenezwa na mwani mdogo sana wa baharini. Baadhi walipoteza kumbukumbu, wengine walipata mitukutiko, wachache walifariki, na mgonjwa mmoja alikuja kupata ugonjwa kamili wa kifafa kama mwaka mmoja baadaye kwasababu sumu ilikuwa imeua seli kwenye sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi. Hapo ndo unaona tukio la kuchokozwa linavyoweza, mara chache, kuacha kovu linalozaa ugonjwa.

Na pombe, hii wengi hawaijui: hatari kubwa iko siku mtu anapoiacha ghafla baada ya kunywa sana kwa muda mrefu. Ubongo ulishazoea kutulizwa na pombe ukapunguza usikivu wake kwa GABA na kuongeza wa glutameti, sasa pombe inaondoka, uchochezi unabaki peke yake. Mitukutiko inakuja kwa kawaida kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho. Mnywaji mkubwa anayetaka kuacha, na namsifu kwa uamuzi huo, aache chini ya uangalizi wa hospitali.

SWALI: Dada yangu ana sonona kali, amekataa kula, hasemi. Madaktari wanapendekeza tiba ya umeme ya kichwani na wamekiri wenyewe kwamba itamsababishia kifafa. Mama analia kila siku. Si watampa ugonjwa wa pili juu ya ule alionao?

Naelewa kilio cha mama, na ningekuwa mwanaye ningekaa naye nimweleze taratibu kama hivi. Ni kweli, tiba hii inafanya kazi kwa kuanzisha tukio la kifafa makusudi. Ilianza na kemikali: mwaka 1934 huko Budapest Ladislas Meduna alitumia kafuri na baadaye pentilenitetrazoli, na wagonjwa waliiogopa mno kwasababu kabla ya mshtuko kuanza walikuwa na muda wa kusikia hofu kali wakiwa na fahamu zao. Mwaka 1938 huko Roma Ugo Cerletti na Lucio Bini wakabadilisha wakatumia umeme, fahamu ikawa inapotea mara moja. Enzi zile hakukuwa na usingizi wa dawa, watu walivunjika hata mifupa, na picha hiyo ndo bado iko vichwani mwa watu.

Siku hizi dada yako atalazwa usingizi kwanza, apewe dawa ya kulegeza misuli. Kuna kitu kimoja muombe daktari akueleze, wanamfunga mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu mmoja kabla ya dawa ya kulegeza kuingia ili isifike kwenye unyayo ule. Umeme ukipita sekunde chache, mwili mzima umetulia kitandani ila unyayo mmoja unacheza cheza, na kwa unyayo huo pamoja na mawimbi kwenye mashine timu inajua tukio limeanza na lini limeisha, mara nyingi chini ya dakika moja au zaidi kidogo. Kipimo cha umeme wanakitafuta kwa mgonjwa mwenyewe maana kila ubongo una kiwango chake.

Kuhusu ugonjwa wa pili: hofu yenu ina mahali ilipotoka. Mwaka 1967 mtafiti Graham Goddard alichapisha kwamba panya akipewa umeme mdogo sana ndani ya ubongo kila siku, siku za mwanzo haonyeshi kitu chochote, anaendelea na mambo yake. Siku zinavyokwenda, kwa umeme ule ule bila kuongezwa, anaanza kutafuna mdomo mtupu, baadaye kichwa kinatikisika, baadaye mguu wa mbele unarusharusha, mwisho anasimama kwa miguu ya nyuma anaanguka. Ubongo umejifunza kifafa. Lakini pale umeme unaingizwa kwa waya ndani kabisa ya sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, kidogo kidogo kila siku. Tiba ya dada yako ni tofauti, na kinachoonekana kwa wagonjwa ni kinyume, kadiri vipindi vinavyokwenda kiwango cha umeme kinachohitajika kuanzisha tukio kinapanda, yaani ubongo unazidi kuwa mgumu kuanguka. Hakuna ushahidi kwamba inawapa watu ugonjwa wa kifafa. Madhara ya kuuliza kwa uzito ni ya kumbukumbu: anaweza kusahau mambo ya kipindi cha karibu na matibabu, kwa wengi yanapungua, kwa baadhi mapengo yanabaki. Ila mtu aliyeacha kula na kusema yuko kwenye hatari ya kifo, na kwa hali hiyo hii ni moja ya tiba zenye nguvu kuliko zote tulizo nazo. Mi ningekubali.

SWALI: Haya majaribio ya kuwapiga panya shoti na kuwapa sumu yana faida gani jamani? Si ukatili tu?

Swali zuri na silikwepi, wanyama wanaumia na ndo maana maabara zinabanwa na sheria. Lakini angalia dawa zilivyopatikana. Tracy Putnam na Houston Merritt huko Boston walijaribu kemikali moja baada ya nyingine kwa paka waliopigwa umeme, wakitafuta ile inayofanya paka ahitaji umeme mwingi zaidi ndo aanguke, na fenitoini ikatoka hapo, ikaanza kusaidia wagonjwa mwaka 1938. Mpaka leo inatumika dunia nzima, kazi yake ni kuvizuia vile vitundu vya sodiamu visifunguke mfululizo. Na levetirasetamu, ambayo wengi wenu mnaitumia, ilishindwa kabisa kwenye majaribio ya kawaida ya panya ya shoti kali na ya pentilenitetrazoli, ingetupwa, ikaja kuonyesha nguvu yake kwa panya waliofundishwa kifafa kwa njia ya Goddard. Kuna watu wanafanya kazi na kulea watoto leo kwasababu ya njia ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wanaishi na kifafa, na hadi 70 kwa kila 100 wangeweza kuishi bila matukio wakipata matibabu sahihi.

SWALI: Nina kifafa. Naambiwa nisiguse simu wala televisheni kwasababu ya umeme wake. Pia nimesikia kuna kifaa cha umeme kinachozuia kifafa. Mbona vinapingana?

Simu na televisheni hazikupitishii umeme kwenye ubongo, hilo liondoe. Shida iko kwenye mwanga unaowaka na kuzima haraka, na inawahusu takribani watu 3 tu kwa kila 100 wenye kifafa. Desemba 1997 huko Japani katuni moja iliyokuwa na mwanga mwekundu na bluu unaopishana haraka ilipeleka watoto zaidi ya 600 hospitali kwa jioni moja, wengi wao hawakuwa na kifafa kinachojulikana. Kama EEG yako ilionyesha uko kundi hilo, ukikutana na mwanga wa hivyo ziba jicho moja kwa kiganja na ugeuke, kufumba macho yote hakutoshi kwasababu mwanga unapita kwenye kope. Kama hauko kundi hilo tumia simu yako kwa amani, ila usikeshe nayo, kukosa usingizi kunachokoza kifafa kuliko simu yenyewe.

Vifaa vipo kweli. Kimoja kinawekwa kifuani kinatuma mapigo kwenye neva ya shingoni inayoitwa vagasi, Marekani kiliruhusiwa mwaka 1997. Kingine, kilichoruhusiwa mwaka 2013, kinakaa kwenye fuvu kikisikiliza ubongo muda wote, kikinusa mawimbi ya hatari yanaanza kinatuma mapigo mafupi pale pale kuyavuruga. Havipingani. Umeme ule ule ukizilazimisha seli kupiga pamoja unaanzisha tukio, ukiingia katikati ya mapigo yao kwa wakati unaofaa unazitenganisha. Vifaa hivi ni kwa wale ambao dawa zimeshindwa na upasuaji haufai, na vingi vinapunguza matukio bila kuyamaliza, kwa hiyo asikuuzie mtu ndoto.

SWALI: Mtu akianguka mbele yangu, iwe sumu au kifafa chake, nifanye nini?

Angalia saa. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kilichobana shingoni, usimshike kwa nguvu na usimwekee chochote mdomoni, sio kijiko, sio kitambaa, sio kidole chako. Mitukutiko ikipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Ikipita dakika 5 haijakoma, au tukio jingine linafuata kabla hajazinduka, au ni mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, au unahisi sumu, hospitali mara moja. Na kaa naye, akizinduka atakuwa amechanganyikiwa, mwite kwa jina lake na umwambie yuko wapi.